Kamera Isiyo na Sauti

Carlos alipohama nyumbani alichukua kamera zote, kompyuta, taa za studio, hata kile kiti cha mbao walichokalia wateja wa picha za pasipoti. Philomène alisimama mlangoni akatazama vitu vikipakiwa garini. Studio ilikuwa kwa jina la mume. Yeye alikuwa mke wa kimila tu, mahari yake yalitolewa lakini kanisani hawakufika, kwa sababu kila mwaka Carlos alisema kanisa lingesubiri.

Kesho yake ndipo alipogundua kwamba hata disque imekwenda.

Ilikuwa kidude cheusi kisichozidi kipande cha sabuni, na ndani yake kulikuwa na picha zote za Plamedi, binti yao, aliyefariki kwa malaria kabla hajaanza shule. Simu ya Philomène ilikuwa imeibwa sokoni mwaka uliotangulia. Kwa ndugu alipata picha za vipande vipande tu: mgongo wa mtoto, mkono wa mtoto ukishika mkate, kichwa kilichogeuka upande. Uso wenyewe ulikuwa kwenye disque. Na ile picha kubwa iliyowekwa mbele ya waombolezaji siku za matanga, Carlos alikuwa ameing'oa ukutani pamoja na msumari wake.

Philomène alimpigia simu. Carlos alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nitafikiri."

Alimpigia tena baada ya Pasaka. "Appareil yangu ilipiga zile picha," Carlos akasema. "Picha ni ya mwenye appareil. Lakini nitafikiri."

Alimpigia tena na tena. Wakati mwingine alimwomba huku akilia, na alisikia upande wa pili jinsi Carlos alivyokuwa akimwacha alie, bila kukata simu na bila kujibu, kama mtu anayesikiliza redio.

Walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu mwanzo. Carlos alipiga, Philomène alibeba. Begi la zamani lilijaa kamera kubwa mbili, lenzi ndefu, taa na betri zake, na alilining'iniza begani kwenye harusi zote za Likasi na pembeni mwake. Siku moja walirudi kutoka Kambove kila mtu kwa moto yake, zile pikipiki za kukodi, mvua ikinyesha, na moto iliyombeba Philomène ikateleza. Alipoona anaanguka alilikumbatia begi kifuani ili kamera zisivunjike, akaangukia bega la kulia. Carlos alifika, akashuka, akafungua begi kwanza. Kamera zilikuwa nzima. Bega halikupona sawasawa hadi leo; mkono huo hauwezi kupanda juu ya sikio, na uzito wowote ukining'inia upande ule, maumivu hushuka hadi vidoleni.

Baada ya kuachana, watu walimuuliza Carlos kama mke wake wa zamani angefungua studio yake mwenyewe. Jibu lake lilimfikia Philomène kupitia Gaëlle, mdogo wake, ambaye alikuwa mshonaji na alisikia kila jambo mjini kwa sababu kila mwanamke alipita kwake kupimwa nguo.

"Alisema nini?" Philomène akauliza.

"Aliseka tu."

"Gaëlle. Alisema nini?"

Gaëlle akaweka mkasi chini. "Alisema, 'Ule muke hata sac ya appareil hawezi kubeba. Fotografe wa bega moja.' Bantu bote pale baliseka."

Wiki ile Philomène aliuza friji yake ya kuuzia maji baridi.

Katikati ya mji kulikuwa na duka dogo la Déogratias, mwanamume mpole mwenye miwani, aliyeleta vifaa vilivyotumika kutoka Afrika Kusini na Dubai. Philomène alikwenda naye Gaëlle asubuhi, kabla duka halijajaa vijana wa simu.

"Nataka appareil ndogo," akasema. "Ile ya kisasa, hybride. Isiwe na uzito, lakini picha itoke ya kazi kweli, si ya kuchezea."

Déogratias alitoa tatu akazipanga juu ya kioo cha meza. Akamweleza Gaëlle, kwa kuwa Philomène alijua, kwamba kamera hizi zimeondolewa kile kioo kinachoruka ndani kila unapopiga. Ndiyo maana ni nyembamba, na ndiyo maana zinaweza kupiga bila mlio wowote.

Ya kwanza ilikuwa ndogo kuliko zote, iliingia mfukoni mwa koti. Philomène aliigeuza huku na huku akatafuta tundu la kuchungulia. Halikuwepo. Ungepiga kwa kutazama skrini tu.

"Hii hapana," akasema. "Kanisani skrini inawaka. Bantu bote batakuona uso kama uko na taa."

Ya pili ilikuwa nzuri ya kutamanisha, na vifundo vya kuzungusha kama kamera za wazee, lakini ilikuja na lenzi ndefu ambayo Déogratias hakutaka kuitenganisha. Philomène aliishika kwa mkono mmoja. Pua ya kamera iliinama chini mara moja, na kifundo cha mkono kikaanza kulalamika. Mwili mwepesi, lenzi nzito. Ni begi lile lile kwa njia nyingine. Akairudisha mezani.

Ya tatu ilikuwa nyeusi, pembe zimechubuka rangi. Ilikuwa na tundu la kuchungulia kwenye kona, na lenzi fupi bapa isiyovuta karibu wala mbali, lakini yenye mdomo mpana wa kuingiza mwanga mwingi. Mtu mwenye lenzi kama hiyo hawezi kusimama mbali. Akitaka uso, lazima aende kwenye uso. Philomène alilitafakari hilo, na likampendeza. Kidole chake cha mwisho kilikosa mahali pa kushika, kikabaki kikining'inia chini ya kamera, na betri yake ilikuwa ndogo kama biskuti.

"Inakula betri mbio," Déogratias akakiri. "Mama atahitaji zingine za kubadilisha. Na chini ya taa za neon, ukipiga ile ya bila mlio, picha inaweza kutoka na mistari. Ujaribu kwanza mahali penyewe."

"Geuka," Philomène akamwambia. "Angalia ukuta. Ukisikia nimepiga, unaniambia."

Déogratias akageuka. Gaëlle akazuia kicheko. Palikuwa kimya, ila moto zilizopita nje.

"Anza basi, mama."

"Nimekwisha. Nimekupiga mingi."

Alimwonyesha: shingo yake, sikio lake, mshono uliofumuka kwenye kola. Déogratias alishika kola yake kwa aibu kidogo. "Mama anataka kupiga nini na hii? Mnyama wa pori?"

"Muntu mumoja," Philomène akasema.

Déogratias hakuuliza zaidi. Akaleta mikanda. Ule wa shingoni, wa ngozi nyembamba, ulimkata Philomène kabla hajafika mlangoni. Begi la mgongoni lilikuwa zuri, lakini ili kutoa kamera lazima mkono wa kulia ukunjwe nyuma, jambo ambalo bega lilikataa. Kulikuwa na kibano cha chuma cha kufunga kamera kiunoni kama bastola ya polisi. Gaëlle alisema kitararua kila sketi ya kanisani. Mwishowe alichagua mkanda mpana, laini, unaopita begani kushoto na kushuka kiunoni kulia, ili kamera ilale pajani na mkono mbovu uipate bila kupanda. Akaongeza kitanzi cha kifundo cha mkono, kwa vile alijua vidole vyake huachia vitu bila kumwomba ruhusa.

Pochi ya betri hawakununua. Gaëlle aliishona mwenyewe kutoka koti kuukuu la mvua, ndani akatia kipande cha blanketi, akaifunga kwenye mkanda wa kiuno. Ukimtazama Philomène kwa mbali, ungedhani ni mama anayekwenda sokoni na pesa zake zimefichwa tumboni.

Alijifunza kamera ile kama watu wanavyojifunza mtu. Alipiga watoto wa jirani, alipiga kwaya ikifanya mazoezi, alipiga wafanyakazi wakirudi kutoka viwandani na baiskeli zao. Kisha alianza kuwachukua wateja wa Carlos mmoja baada ya mwingine, na hakuficha kwamba alifurahia. Ubatizo mmoja, kisha komunyo, kisha harusi ya mwalimu. Wanawake walimpenda kwa sababu hakuwapigia makelele ya kusimama hapa na kucheka pale. Alikuwa karibu nao, wakamsahau, na baadaye walijiona wenyewe kwenye picha wakiwa jinsi walivyo. Kila alipochukua harusi iliyokuwa ya Carlos, alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa kitandani akijiambia: bado.

Kisha akaja tantine Michelle.

Tantine Michelle, shangazi kwa mtaa mzima, alikuwa mama mnene, mcheshi, ambaye Philomène alimpigia ubatizo wa wajukuu. Aliingia, akakaa, akajipepea na kitambaa kwa muda mrefu kuliko joto la siku ile lilivyodai.

"Binti ya kaka yangu anaolewa," akasema. "Jina yake Chérie. Sisi upande wa mwanamke tunataka picha zetu, tusingoje za upande wa bwana. Lakini lazima nikuambie bwana ni nani, ili usiniseme vibaya baadaye."

"Ninajua bwana ni nani."

"Basi utakataa."

"Harusi ya kanisani?"

Tantine Michelle aliinamisha macho. "Ya kanisani."

"Nitakuja," Philomène akasema.

Siku ya harusi alifika mapema, akajaribu kamera chini ya taa za kanisa, akaona mistari, akarekebisha hadi ikatoweka. Carlos alipomwona alisimama pale pale kwenye ngazi, koti jeusi, ua kifuani. Kando yake alikuwa Rolly, kijana ambaye Carlos alimwajiri badala ya Philomène, na begani kwa Rolly lilining'inia begi lile la zamani. Ndugu mmoja wa Carlos alitaka kumwondoa Philomène. Carlos akamzuia.

"Muache. Apige na kile kintu yake ya batoto. Aone vile niko bien, muzuri."

Alisema kwa sauti ili asikike. Philomène aliinamisha kichwa kwa heshima, akapita.

Padri wa parokia ile alikuwa mzee asiyependa taa za kamera wala kelele zake. Alitangaza kwamba wakati wa viapo hataki kuona mwanga wala kusikia mlio. Rolly alijitahidi, lakini kamera kubwa ikapiga klak, klak, klak, kanisa zima likageuka, na padri akasimamisha neno lake. Rolly aliambiwa akae nyuma, mlangoni, na akakaa huko mpaka mwisho. Philomène alikuwa hatua chache tu kutoka kwa bwana harusi na hakuna aliyesikia kitu.

Baada ya pete, mama mzazi wa Carlos aliinuka kwenye benchi la mbele. Mama Kabange alikuwa mgonjwa wa moyo, miguu imevimba, na hakuna aliyetarajia angetembea. Maisha yake yote alikataa picha, aliona haya ya meno yake yaliyoharibika, akijifunika uso kwa kitenge kila kamera ilipoinuliwa. Mwanawe alikuwa fotografe, lakini picha pekee ya mama huyu ilikuwa ile ya kadi ya mpiga kura. Alimfikia Carlos, akashika mkono wa koti lake ili asianguke, akamtazama juu, na akacheka. Alicheka mdomo wazi, meno yote mabaya yakiwa nje, machozi yakimshuka.

Philomène alipiga. Alikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi ya bibi yule.

Alipogeuka kurudi kitini, Mama Kabange alimwona. Yeye ndiye aliyembeba Plamedi mgongoni miaka yote ile wazazi walipokuwa kwenye harusi za watu. Alimgusa Philomène shavuni. "Mwanangu," akasema chini chini, "miye sikuwa na nguvu ya kumukataza Carlos." Kisha ndugu wakamshika, wakampeleka nyumbani kulala. Hakufika kwenye picha za nje wala kwenye karamu.

Philomène alimkabidhi tantine Michelle picha zote za upande wa mwanamke, safi, kwa wakati. Chérie alitoka mzuri kama alivyokuwa. Ile ya Mama Kabange hakumpa mtu. Aliitazama peke yake kila alipomaliza kazi, na alihisi kwamba siku moja itamfaa, ingawa hakujua kwa nini.

Mvua za kwanza zilipoanza, Mama Kabange alifariki.

Carlos alikuja asubuhi ya siku iliyofuata. Hakuwa amenyoa. Alisimama uani mbele ya Philomène, na Gaëlle aliyekuwa akishona barazani hakuondoka.

"Tantine Michelle anasema uko na picha ya mama," Carlos akasema. "Ya mu kanisa. Alikuona ukipiga."

"Niko nayo."

"Ninaiomba. Kwa matanga. Siko na kintu ingine, Philo. Ni ile ya kadi tu, na pale anafanana na muntu wa kufungwa."

Philomène alikuwa akiosha vyombo. Alimaliza sahani iliyokuwa mkononi, akaifuta.

"Nipe mutoto wangu," akasema.

Carlos akasogea hatua nyuma.

"Lete disque. Unaipata picha ya mama yako nzima, kubwa, na fremu nitanunua miye. Lete tu uso wa mutoto wangu."

"Sawa," Carlos akasema, akaondoka haraka.

Alirudi mchana na kidude cheusi. Philomène alikichomeka kwenye kompyuta aliyoinunua kwa pesa za harusi, Gaëlle akamsaidia. Kikafunguka. Harusi. Harusi nyingine. Mkutano wa wafanyakazi. Mazishi ya mtu wasiyemjua. Alifungua kila mahali, akashuka hadi mwisho, akapanda tena juu. Plamedi hakuwepo.

"Iko wapi?" akauliza.

Carlos alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Ilijaa," akasema. "Nilikuwa na kazi mingi. Nilihitaji nafasi."

"Ulifuta lini?"

"Philo."

"Lini?"

"Ule mwezi nilihama."

Gaëlle aliacha cherehani. Philomène aliendelea kutazama skrini, na ilimchukua muda kuelewa, kwa maana jambo lenyewe lilikuwa baya kuliko yote aliyowahi kumdhania. Pasaka ile, na Krismasi iliyofuata, na zile simu zote, na kilio chote kile, na *nitafikiri*. Mtu huyu alikuwa akimfanya aombe kitu ambacho hakikuwepo. Alimwacha alie kwa sababu kilio chake kilikuwa kitamu.

"Na ile kubwa ya ukutani?"

"Ililowa na maji ku studio. Nilitupa."

Philomène aliingia ndani akatoka na kamera. Aliiwasha, akaitafuta picha, akaikuza mpaka uso wa Mama Kabange ukajaa skrini, kisha akamsogelea Carlos na kumshikisha mkononi, kitanzi bado kikiwa kwenye kifundo chake mwenyewe. Carlos aliona meno ya mama yake. Aliona anavyotazamwa.

"Umemuona?"

"Nimemuona."

"Muangalie sawasawa. Anakuangalia weye."

Alimpa muda. Hakuwa na haraka. Carlos alipofuta macho kwa kiganja ili atazame tena, Philomène alinyoosha kidole gumba, akabonyeza mara moja, kamera ikauliza kama ana hakika, akabonyeza tena. Skrini ikaleta picha nyingine: kwaya, mishumaa.

Carlos aliinuka kama mtu aliyechomwa. Gaëlle naye aliinuka, mkasi mkononi, akasimama kati yao.

"Kuko ingine mu kompyuta," Philomène akasema. "Yako hapana. Ya mama. Utaiona ku matanga."

Jioni ile ile kabla maduka hayajafungwa alikwenda kwa mtu wa kuchapa. Alikata picha mwenyewe. Aliacha uso wa Mama Kabange, kicheko, machozi, kitenge cha bluu alichovaa, na mkono wake wenye mishipa ukishika kipande cha koti jeusi. Akamkata Carlos kabisa: kifua, ua, shingo, kichwa. Alipomaliza kuchapa alifuta ile nzima kwenye kompyuta, akakagua mara mbili kwamba haipo popote. Alinunua fremu nzuri. Kwa marehemu hakutaka kufanya ubahili.

Uani kwa Mama Kabange viti vya plastiki vilijaa. Wanawake walikuwa chini kwenye mikeka. Philomène aliingia na picha kifuani, ameishika kwa mkono wa kushoto, na wanawake walipomwona bibi yao akicheka walipiga yowe, wakaimba, wakainyooshea mikono. Wengi wao hawakuwahi kuona meno yake. Iliwekwa juu ya meza, maua pembeni.

Carlos alikuwa amekaa mbele na wanaume. Chérie, aliyekuwa karibu na meza, aliinama akaitazama picha kwa makini.

"Hii nguo anashika ni ya nani?" akauliza.

Kisha Carlos akasema, "Yangu."

Papa Symphorien, kaka mkubwa wa marehemu, ndiye aliyeongoza matanga. Alikuwa mzee wa maneno machache, mstaafu wa kiwandani. Alivaa miwani, akatazama picha, akamtazama mpwa wake, akamgeukia Philomène.

"Ma fille, mwanangu, hii picha ni muzuri. Lakini imekatwa. Ile kipande ingine iko wapi?"

"Haiko tena, papa. Niliifuta."

Manung'uniko yalipita mikekani. Papa Symphorien aliinua mkono. "Juu ya nini?"

Philomène alikuwa amepanga maneno mengi njiani. Yote yalimpotea. Alisema tu, "Papa, umuulize Carlos picha za Plamedi ziko wapi."

Wale wanawake wote walimjua Plamedi. Alijifunza kutembea kwenye ua huu huu, akishika kitenge cha bibi yake.

"Carlos," Papa Symphorien akasema.

"Mjomba, si mahali pa maneno hii."

"Ninakuuliza weye. Picha za mujukuu wa dada yangu ziko wapi?"

Carlos alitazama chini kati ya viatu vyake. Alisema jambo ambalo halikusikika, na mzee akamwambia aseme tena.

"Nilizifuta. Nilihitaji nafasi."

Mwanamke mmoja mikekani alianza kulia upya, na kilio hicho hakikuwa cha Mama Kabange. Papa Symphorien alivua miwani, akaifuta polepole, akairudisha mfukoni. Alisema kwamba kesho makaburini atakayezungumza kwa niaba ya watoto ni binti wa pili, si Carlos. Carlos alikaa kwenye kiti chake mpaka mwisho, na viti vya kulia na kushoto kwake vikabaki vitupu, mmoja aliondoka kwenda kuchota maji, mwingine kumwangalia mtoto, na hawakurudi.

Njiani kurudi nyumbani Gaëlle alimshika dada yake mkono mzima.

"Moyo umetulia?" akauliza.

Philomène alifikiri. Alikuwa ametegemea kujisikia mwepesi. Badala yake alijaribu, kama kila siku, kukumbuka kama kishimo cha Plamedi kilikuwa shavu la kulia au la kushoto, na hakuweza.

"Hapana," akasema. "Lakini sasa tuko babili, miye na Carlos."

Miezi ilipita. Carlos hakufunga studio, ila watu waliopita pale walipungua, na Rolly aliacha kazi akaenda Lubumbashi. Siku moja Chérie alikuja peke yake, kwa miguu, tumbo limekwisha kuwa kubwa. Alikataa kiti, kisha akakikubali.

"Mutoto atazaliwa karibu Noeli," akasema. "Nataka weye umupige picha. Siku ya kwanza, na ubatizo, na kila mwaka. Sitaki picha zikae kwake."

"Anajua umekuja?"

"Nitamuambia."

Philomène alimtazama. Hakumchukia, alijaribu zamani, ikashindikana. Lakini alipofikiria Carlos akiletewa habari hiyo mezani, uma mkononi, joto lilimpanda kutoka tumboni hadi masikioni, tamu kabisa, na hakujaribu kulizima.

"Nitazichapa zote ku karatasi," akasema. "Nakala mbili. Moja utaweka kwa mama yako."

Chérie akakubali kwa kichwa. Philomène aliinuka kwenda kumchemshia chai.